Vidole vya Mkata Karatasi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji, na kwamba kikohozi cha mtoto kimepungua. Huku kwa Baba Mdogo tunapumua, ila nyumba haina amani, na sababu ninaijua mimi peke yangu.

Baba Mdogo alinipa kazi ya kuwafundisha kompyuta wafanyakazi wa kiwanda chake cha uchapaji kila Jumamosi. Unanijua, mbele za watu ulimi wangu hugeuka gogo. Lakini walinipokea kwa utani, wakaniita Profesa. Mkata karatasi, mzee mwenye mikono kama makoleo, alishika kipanya kana kwamba kitamng'ata. Niliwafundisha kwamba programu hupakuliwa kwenye tovuti ya walioitengeneza, kwamba kitufe kikubwa kinachong'aa mara nyingi ni mtego, na kwamba wasibonyeze kitu kabla ya kuniuliza. Mzee ndiye aliyeuliza kila mara. Wenzake walimcheka, wakasema iko siku ataomba ruhusa ya kupiga chafya.

Jumatatu nilipita kiwandani kabla ya shule. Kirusi kilikuwa kimefunga mafaili yote, pamoja na kitabu cha mteja, kazi ya miezi minane. Baba Mdogo akauliza nani alipakua programu Jumamosi. Mzee akanyoosha mkono mwenyewe.

Dada, sijawahi kuona mtu akipigwa vile. Baba Mdogo alimkaba ukosi, akamgonga ukutani, akisema ametumwa na washindani. Alipoanguka alimpiga mateke ya mbavu, kisha akachukua nondo na kuuponda mkono wake wa kulia, uliokuwa umeng'ang'ania mguu wa meza. Vidole vilivunjika kwa mlio mdogo, kama penseli. Damu iliruka hadi kwenye shati langu la shule. Fundi mitambo alipotaka kuamulia, alipigwa ngumi, akatema jino. Mzee hakujitetea. Alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa.

Sasa amelazwa hospitali, na Baba Mdogo ameapa kwamba mzee akitoka atamshtaki kwa hujuma.

Dada, mzee aliniuliza. Jumamosi ile aliniuliza mara mbili kama kitufe cha kubonyeza ni kile cha kijani. Nilikuwa nimebakiza kurasa chache za riwaya, nikamjibu ndiyo bila kuinua macho. Na alipokuwa akipigwa, nilinyamaza.

Mpaka hapa nimeinakili barua hii, na nakala nimeiweka mezani kwa Baba Mdogo. Namwona kupitia mlango ulio wazi, anaisoma akiwa amesimama. Amefika ukurasa wa pili.

Msalimie shemeji, mbusu mtoto. Anwani nimekwisha kuiandika kwenye bahasha, maana sijui kama baadaye nitaweza kushika kalamu.

Ni mimi mdogo wako,
anayekupenda.