Orodha ya Yaliyomo Ilivyomzika Mama Araba

Dada Adwoa, Mama Araba amekufa mtandaoni! Yu hai kabisa, Mungu ni shahidi, nimetoka kwake sasa hivi.

Si unajua katibu Bentum amekigeuza kitabu cha kanisa kiwe ukurasa wa mtandao? Orodha ya yaliyomo imejipanga yenyewe: kichwa kidogo kinaingia chini ya kikubwa kilichotangulia. Sasa yeye "Marehemu Wetu" kakiandika kikubwa, "Kamati ya Jikoni" inayofuata kaiandika kidogo. Kamati nzima, jina la Mama Araba likiwa la kwanza, ikaingia kwa marehemu!

Asubuhi uani kwa Mama Araba watu tele, nguo nyeusi na nyekundu za msiba. Mama Araba akatoka na mwiko mkononi. "Nani kafariki?"

"Ni wewe, mama."

Ni wewe, mama! Usoni pake!

Shemeji yake Ebo akakaza: "Lakini imeandikwa." Imeandikwa, dada!

Bentum akapiga magoti. "Mama, nakutoa huko sasa hivi."

Mama Araba akatupa macho uani. Kamwona mdogo wake Ekua, yule wasiyesemezana naye mwaka wa tatu huu, kakaa chini analia mpaka kamasi.

"Bentum, niache hukohuko mpaka jioni," akasema. "Ekua, inuka, ingia ndani ule."