Biira Watatu, Akaunti Moja

Jumatano, 28 Mei

Muhula wa pili umeanza na mvua. Kompyuta ya mradi wa barua bado inawaka, alhamdulillahi. Likizo nzima ilikuwa kwenye kabati la hedimasta pamoja na panya wake.

Leo wanafunzi wetu sita wamewaandikia wenzao wa Slovenia. Nasema sita — ni wanane. Jambo hili tunalijua mimi na wao tu tangu Machi, na hata humu sijawahi kuliandika. Niandike sasa nipumue.

Fomu ya mradi ilisema: jaza jina ambalo mtoto anaitwa nyumbani. Nikajaza hivyo hivyo! Na nyumbani kwa Wakonzo binti wa pili ni Biira, awe wa mlimani awe wa hapa Bwera. Darasani kwangu wako watatu: Ketura, Ronah na Vasta. Majina hayo ya kanisani sikuyaandika. Mwalimu Alenka wa kule akaona Biira, Biira, Biira, shule moja, umri mmoja, akadhani nimebonyeza mara tatu. Akafuta wawili. Kwa wema kabisa. Barua yake ya kunieleza niliisoma baada ya usajili kufungwa, maana bando lilikuwa limeisha nami nikazembea.

Sasa, ni mimi niliyesimama mbele ya wazazi na kuwaambia dunia imekuwa kijiji. Ningewaambiaje wasichana wawili kwamba kijiji kimejaa? Nikawapa zamu kwenye akaunti ile moja. Kwa hiyo Neza, msichana wa miaka kumi na sita huko Slovenia, ana rafiki Uganda anayeitwa Biira. Rafiki mmoja!

Ijumaa, 30 Mei

Zamu ya Ronah. Kaandika mpaka kengele ya mwisho. Sikusoma, kanuni ya mradi ni kwamba mwalimu hasomi barua za watoto. Ila nilimwona akifuta macho kwa kiwiko, kisha baadaye akitabasamu peke yake.

Ronah anaishi na bibi yake huko Kyondo, mlimani. Mama yake alifariki Novemba. Tangu hapo ukimuuliza swali darasani anajibu sawasawa, lakini hajawahi kuuliza lolote. Leo kaniuliza: Slovenia kuna kahawa? Nikasema hapana, wanainunua. Akasema Neza alitaka kujua kama sisi tunajua theluji, naye kamjibu kwamba akiamka kabla mawingu hayajapanda anaiona juu ya mlima, huku ameshika ndoo akienda kuteka maji. Alicheka kidogo. Nimefurahi leo, acha niseme.

Jumatano, 4 Juni

Vasta. Dakika kumi, kurasa mbili, basi kamaliza! Mtoto huyu anaongea lugha nne na zote kwa haraka. Mama yake anauza maharage na vitenge soko la Mpondwe, pale mpakani, na hakuna mtu wa forodha asiyemjua. Nilimuuliza Vasta leo kaandika nini.

"Habari za mama tu, Madamu, alivyogombana na forodha hadi wakamwachia."

Nikacheka. Laiti nisingecheka.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Niko Kasese kwa baba. Pilau, nyama, watoto wa kaka yangu Shafik wanapanda juu ya kila kitu.

Barua ya Alenka iliingia kwenye simu tukiwa tunakula. Ni ya heshima kabisa, ndiyo maana inachoma. Mama yake Neza alikufa miaka miwili iliyopita. Ijumaa ile Biira alimwandikia kwamba na yeye amefiwa na mama, na kwamba bado anaacha nafasi yake kwenye mkeka wakila. Neza alimsomea baba yake barua hiyo, wakalia wote wawili. Jumatano Biira huyo huyo kaandika kwamba mama yu mzima, yuko sokoni, anachekesha watu. Neza anauliza ni mtu gani anayemchezea mwenzake kwa jambo kama hilo. Alenka anauliza kama kuna maelezo. Mradi unamwondoa mwanafunzi yeyote anayebuni maisha yake. Anaomba tuonane kwa video kabla shule yao haijafungwa: Jumatano tarehe 18, saa tano yetu.

Niliweka sahani chini. Nikamweleza baba. Mzee Siraj amepitisha lori zake mpakani kwa miaka thelathini, akacheka kwanza.

"Lori tatu kwa karatasi moja? Mwanangu, hata afande aliyelala angekukamata."

Halafu akaacha kucheka, akaniuliza mzigo ulioharibika ni wa nani. Nikasema wa Ronah. Akaninawisha mikono yeye mwenyewe, kama zamani nikiwa mdogo.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwambia hedimasta. Nilitegemea kufokewa. Hakufoka. Bwana Gidioni ni mtu mpole, na anajua mradi umeahidi kompyuta ishirini mwakani. Alitembea mpaka dirishani, akarudi na jibu.

"Madamu, hii neno iko ndogo. Kwetu dada ya mama iko mama. Sema mama moja alikufa, ingine iko soko. Wazungu wanapenda sana mila."

Akaamua Vasta akae mbele ya kamera, Kiingereza chake ni kizuri. Mmoja tu, yeye ndiye Biira. Wengine wabaki darasani.

Kinachonisumbua ni kwamba si uongo. Kwa Wakonzo mama mdogo ni mama, ukimwita shangazi utachekwa. Ningeweza kulisema hilo kwa uso mkavu na Alenka angenishukuru kwa somo! Mwezi wa tatu niliwafundisha watoto hivi: mweleze mgeni desturi zako ili akujue. Sasa tunataka kumweleza ili asitujue. Nimetoka ofisini nikiwa nimekubali, au sijakataa, sijui tofauti yake.

Alhamisi, 12 Juni

Ronah hajaja shule tangu jana. Ketura ndiye aliyemwambia kwamba Neza anamwona Biira mwongo.

Vasta kaja kwangu mapumziko, macho mekundu. Anasema hakusoma barua ya Ronah. Walikubaliana hivyo wenyewe, kila mtu na barua zake, asichungulie za mwenzake. Heshima hiyo ndiyo imetuponza. Hawakuniambia kwa sababu sikuwauliza.

Jioni mama yake Vasta kanisubiri getini na vitenge kichwani. Wote sokoni wameshasikia.

"Madamu, mutoto wangu banamuita muwongo. Kosa yake nini? Sababu mimi niko muzima?"

Nilimwambia kosa ni langu. Akasema basi nikaseme kule, siyo hapa getini.

Jumapili, 15 Juni

Nimepanda Kyondo kwa bodaboda. Njia ni mbaya, mara mbili niliteremka nikatembea. Ronah alikuwa uani na bibi yake, wanachagua kahawa. Bibi kanipa kiti na ndizi za kuchoma, kisha akaingia ndani kwa makusudi. Nilianza kuchagua kahawa na mimi, maana mikono haikujua pa kwenda.

Nikamweleza yote, pamoja na mpango wa hedimasta. Sikupamba. Alinisikiliza huku akitupa punje mbovu pembeni. Nilipomaliza akasema, bila kuinua macho:

"Madamu, mukisema ni mama mudogo, basi mama yangu hakukufa. Na mimi sikuandika."

Nikamwomba aje Jumatano. Akasema bibi ana kazi. Nikamuuliza ningemwambia nini Neza kwa niaba yake. Akasema hakuna, barua aliyotaka kumwandikia alishamwandikia.

Nilishuka kwa miguu hadi barabara kubwa. Nimeona aibu ambayo sijaiona siku nyingi. Miaka kumi na moja nafundisha, nikijisifu kwamba kila mtoto namjua kwa jina.

Jumanne, 17 Juni

Nimeandika barua kwa Alenka mara nne.

Ya kwanza niliilaumu fomu. Ya pili, bando. Ya tatu ilikuwa na mila ndani, tena nzuri, ningeweza kuisoma kwenye semina. Ya nne ina mistari mitatu: Biira ni wasichana watatu. Nilijua tangu Machi. Kila walichomwandikia Neza ni kweli.

Sijaituma. Hedimasta kapita mezani kwangu, kanikumbusha kwa upole kwamba mratibu wa mradi ni mimi, na jina la shule liko juu ya jina langu. Anahofia watatufuta wote wanane. Hajakosea, wanaweza. Ketura na wale wengine watano hawana hatia, na mmoja wao keshaanza kuzungumza habari za kusoma uhandisi Ljubljana, mji ambao mwaka jana asingeweza kuutamka.

Kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka simu ikazima taa. Vasta si mwongo; mwoga ni mimi.

Jumatano, 18 Juni. Saa tano kasoro dakika kumi

Naandika nikiwa maktaba, kwenye meza ya nyuma karibu na mlango. Mtandao unazunguka tu. Hedimasta kavaa tai. Mbele ya kompyuta kuna kiti kimoja, na Vasta amekikalia, mgongo wima, karatasi mkononi. Mwandiko ni wa hedimasta, nautambua kutoka hapa.

Ketura alitakiwa abaki darasani. Yuko dirishani, nje. Najifanya simwoni.

Saa tano na dakika nne. Bado unazunguka.

Ronah kaja! Matope hadi magotini. Kasimama mlangoni, haingii, hatoki. Hedimasta kamwashiria arudi darasani. Hajarudi. Nami nimemsogezea mlango ukafunguka zaidi, na Ketura akapenya nyuma yake.

Picha imekuja. Alenka ni mdogo kuliko nilivyodhani. Pembeni yake msichana mwenye nywele fupi, bila shaka Neza, mikono kaificha ndani ya mikono ya sweta. Hatabasamu.

Alenka kasalimia. Sauti inakatika. Vasta kaitazama karatasi yake, akaikunja, akamrudishia hedimasta kwa mikono miwili kwa adabu. Kasimama. Kiti kiko wazi, hakuna anayekikaribia.

Alenka anauliza kama Biira yupo.

Wasichana wote watatu wamesema ndiyo. Hawakupanga, nawajua, wametazamana kwa mshangao.

Kule Neza kasogea mpaka uso wake umejaa kwenye kioo. Katoa mkono kwenye sweta na kidole chake kinapita polepole, kwa Vasta, kwa Ketura, kikafika mlangoni kwa Ronah kikasimama.

Hedimasta kaniinamia sikioni, ananinong'oneza niseme ile ya mila, niseme upesi. Nimeshasimama, simu mkononi, ile barua ya mistari mitatu ikiwa wazi.