Godoro la Tela

Jumapili asubuhi, Marui, Kisarawe. Mvua imepita kidogo alfajiri, sasa jua limetoka na bati la tela linatoa mvuke. Nina furaha mpaka naona haya kuiandika.

Nianze na tela lenyewe, maana kuna mtu atasoma aniulize ni dude gani. Ni kijumba cha magurudumu mawili kinachovutwa na pikapu, umbo lake kama tone la maji: mbele duara, nyuma kimeteremka. Ndani kuna kitanda tu. Ukifungua mlango wa nyuma unakuta jiko. Mume wangu, Magesa, ni fundi wa kuchomelea pale Kongowe, Kibaha, kwa hiyo chuma na bati ni kazi yake. Ndani nimepamaliza mimi, karani wa ofisini ambaye kabla ya tela hili sikuwahi kushika msasa. Majirani wanaliita banda la kuku. Waache waite.

Tumelijenga kwa sababu moja. Kwao Magesa, Mara, mkwe halali chini ya paa la mama mkwe wake. Ni heshima, haina mjadala. Kwetu Marui, mgeni anayekataa kulala kwako amekuona si kitu. Basi tangu tuoane, kila tukija kwa mama tunageuza jioni ileile. Mama anatusindikiza mpaka barabarani amenuna, na safari moja aliniuliza kama nyumba yake ina kunguni. Nikamweleza mila ya kina Magesa. Akasema mwenye dharau hakosi sababu.

Nimechoka kulia kwenye ile pikapu.

Ndiyo maana wiki hii nilikuwa kama nimepandwa na kitu. Plaiwudi ya dari iligoma kupinda, tukaimwagia maji ya moto nikaikalia mpaka ikakubali. Nikapiga vanishi ya mwisho, nikafunga taa, nikatundika mapazia ya kitenge. Sponji la kitanda tulilikata wenyewe kwa kisu cha mkate, kufuata mkunjo wa ukuta. Ijumaa jioni nilijilaza humo peke yangu, nikanusa ile vanishi, nikacheka kama mwendawazimu. Kitanda cha Magesa, paa la Magesa, uani kwa mama. Mama angesema nini tena?

Jana mchana tukafika. Magesa akamwamkia mama kwa mbali, macho chini, kama kawaida yake. Mama akaitikia marahaba kavu, akaanza kulizunguka tela. Akafungua jiko la nyuma, akainama, akaona kitanda kinavyoingia chini yake.

"Yaani mnapika juu ya miguu yenu?"

Nikacheka, naye akacheka. Nilifurahi sana kumwona anacheka, na katika furaha hiyo nikaharibu kila kitu. Nilimwambia apande ajaribu godoro.

Akavua kandambili, akajilaza, akanyoosha miguu. Akaisifu dari, akashikashika pazia. Mimi nimesimama mlangoni najiona fundi mkuu. Nikageuka nimwite mume wangu aje asikie anavyosifiwa, nikamkuta ameinamisha kichwa anachezea ufunguo wa gari.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kwao mkwe halalii godoro alilolalia mama mkwe. Najua vizuri, tena mimi ndiye huwa nawaeleza wengine. Msasa wote ule, vanishi yote ile, halafu kitanda nimekigawa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Magesa hakunilaumu. Alisema taratibu, "Lala na mama humo. Mimi pikapu inanitosha." Haimtoshi. Mtu mwenyewe ni mrefu kama nguzo ya umeme.

Mama alisikia. Akaketi, akauliza kuna nini, nikamweleza huku machozi yananitoka. Nilisubiri lile neno lake la dharau. Hakulisema. Alimtazama sana mkwe wake, mtu aliyejijengea kitanda na sasa anakiacha bila kelele.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Nilidhani ananikimbia."

Akashuka, akaingia ndani kwake. Tukasikia vitu vinasogezwa. Akatoka anaburuta godoro, bado limo kwenye nailoni yake ya dukani, vumbi limejaa juu. Alilinunua tulipooana, kwa ajili ya chumba alichotutengea humo ndani. Hajawahi kumruhusu mtu yeyote alilalie, na hajawahi kuniambia.

"Hili halijagusa mgongo wangu," alimwambia Magesa, safari hii bila kununa. "Lile lenu nachukua mimi."

Nililia upya, lakini kilio kingine.

Godoro lenyewe ni pana kuliko tela. Tumelisukuma, tumelikanyaga, tumelibana mpaka likapanda ukutani na kukwaruza vanishi yangu. Tumelala tumekunjwa kama nyama ndani ya sambusa. Sijalala vizuri hivi kwa muda mrefu.

Sasa nimekaa mlangoni mwa tela naandika. Magesa bado anakoroma. Mama amekuja muda huu, ananyata asimwamshe, akaniuliza kwa kunong'ona, "Mkwe wangu asubuhi anakunywa nini?"

Swali dogo hivyo, na miaka yote hii hakupata nafasi ya kuliuliza. Nikamwambia chai ya rangi, tangawizi nyingi.

Hana tangawizi. Amekwenda kuomba kwa jirani, na namsikia mpaka huku anavyomweleza, kwa sauti ambayo kijiji kizima kitaisikia, kwamba mkwe wake amelala kwake.