Nozeli namba saba

Jussara, nimechoka hoi, hata nguvu za kuona aibu sina.

Leo nimeisifu nozeli namba saba, kile kidomo cha kunyunyizia mafuta, mbele ya wakubwa wa kazini nusu saa nzima. Nikasema inachanganya mafuta na hewa vizuri kuliko zote kwa sababu ya hesabu zangu za miezi mitano.

Mzee Valdemir, fundi wetu wa majaribio, akaweka chini kikombe cha kahawa. "Binti, si ndiyo ile iliyoziba? Niliichokonoa kwa sindano ya cherehani ya mke wangu."

Sindano ya cherehani, Jussara.

Nikamuuliza aliichokonoaje. "Nitakumbuka wapi mimi? Nilichokonoa tu."

Mkubwa wetu hakucheka. Anataka mchoro wa matundu ya nozeli ile, jinsi sindano ilivyoyaacha, kesho asubuhi.

Sasa nimeinamia darubini, nanakili mikwaruzo ya Valdemir. Chini ya mchoro, kwenye "Mbunifu", tayari wameandika jina langu.