Ndizi Chini ya Kitanda

Mjukuu wangu Wakesho,

Hujambo huko Botswana? Hapa Columbia Heights sote wazima. Theluji imerudi, na mama yako akitoka shifti ya hospitali huniuliza kwanza kama umeandika.

Unauliza kama ni kweli ndovu hunusa chungwa lililofichwa ndani ya gari. Nitakujibu kwa ndizi. Nilipokuwa msichana kule Voi, tulivundika ndizi chini ya kitanda changu, kando ya dirisha. Mchana mmoja nimejilaza, mkonga ukaingia. Ulinigusa nywele, ukasita, ukanipulizia shingoni pumzi ya moto. Kisha ukashuka, ukachukua mkungu mzima, ukatoka polepole bila kuvunja kitu.

Baba hakumlaumu ndovu. Alihamishia ndizi mbali na tunapolala, basi. Mimi hadi leo najiuliza ndovu yule alinusa nini kwangu hata akasita.

Kwa hiyo wewe na wenzako, machungwa yamalizeni kabla ya kufika kambini. Umeendesha gari siku nyingi ili ukawatazame ndovu. Ukisikia pumzi nje ya hema, tulia tuli. Nao wana maswali yao.

Nyanya yako anayekuwaza