Koti la Tarwick

Madison, Alabama
9 Machi 1997

Kwako Mama Mdogo Oleta, kipenzi changu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi hii? Sisi wazima. Soma tena hapo: sisi. Nimeolewa!

Keti kwanza. Umeketi? Ijumaa saa sita mchana, mahakamani, mimi na Weldon Pruett. Mashahidi walikuwa karani na mama mmoja aliyekuja kulipia faini ya gari. Nilivaa lile gauni la manjano ulilonishonea. Weldon alitetemeka mpaka pete ikamponyoka, ikabingirika chini ya benchi, tukaitafuta sote watano tumepiga magoti, hakimu akiwa mmoja wetu!

Najua ulitaka kanisa. Kanisa lipo, tarehe 14 Juni, keki ipo, na kiti cha mbele ni chako. Mpaka siku hiyo kazini hakuna anayejua. Tunapishana mlangoni, ananiambia, "Habari za asubuhi, Bi Tidmore," nami nakaribia kuzimia kwa raha.

Nilikwambia nilivyompata? Alikuja chumba cha kushonea kukagua blanketi la chombo cha anga, lile la kukikinga na jua na baridi ya huko juu, akanyoosha kidole kitupu kugusa karatasi ya dhahabu. Nikamwambia, "Baba, kidole chako kina mafuta ya kuku wa mchana. Vaa glavu!" Kesho yake akarudi na glavu mikononi na kikapu cha pichi.

Yeye ni mhandisi, mtumishi wa serikali hapa Shirika la Anga, mimi ni wa mkandarasi. Kabla hata ya kunishika mkono aliniuliza, "Marvella, nani anakulipa?" Wanaume wengine husifia macho kwanza! Nikamwonyesha jina kwenye koti langu la kazi: Tarwick. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Hao hawamo," akasema. Sikuuliza hawamo wapi. Nilikuwa natazama midomo yake.

Tangu Januari anashinda kwenye lile jengo lisilo na madirisha, karibu na tangi la maji. Karatasi zote anaziacha mlangoni, na amekula kiapo kutosema neno, hata kwangu. Nimeolewa na mwenye siri, Mama Mdogo! Akirudi ananitazama tu, ananisugua mabega yaliyochoka na cherehani, nami siombi zaidi.

Mwanao mwenye furaha isiyo na mfuniko,
Marvella


Tuscumbia
15 Machi 1997

Mwanangu Marvella,

Salamu zako zimefika salama. Magoti ni yale yale, yanatabiri mvua kuliko redio. Masikio ndiyo yanazidi kufa, kwa hiyo usipige simu. Andika.

Nimelia, nimecheka, kisha nimekukasirikia. Kuolewa saa ya chakula cha mchana, kama mtu aliyekwenda kulipia bili ya maji! Na shahidi wako mwenye faini! Mimi niliyekulea tangu una meno mawili nasikia kwa posta. Haya. Mungu awabariki. Mwambie huyo Weldon akikutoa machozi nitakuja, magoti au si magoti.

Sasa acha kucheka, unisikilize. Lile jengo nalijua. Mle hawatengenezi chombo chochote. Mle kamati ya serikali hufungua zabuni na kuzipa alama, wakaamua ni kampuni ipi itakayopewa kazi yetu, pamoja na sisi wenyewe, kwa miaka mitano. Mimi nimekalia kiti kimoja cha kushonea miaka thelathini na moja, nikabadilisha kampuni mara sita bila kunyanyuka. Kampuni mpya huja kimya kimya. Makoti mapya huja mwaka unaofuata, wakikumbuka.

Ndiyo sababu nina hofu. Desemba barua ya pensheni yangu ilikuja na jina jipya juu: Corvane. Tarwick waliuza chumba cha kushonea mwezi Novemba. Mliambiwa, nadhani, kwa tangazo lililobandikwa juu ya tangazo la kuuza watoto wa mbwa. Toa hati yako ya mshahara, usome pale juu. Na Corvane wamo kwenye zabuni hii, Verbie msimamizi wenu ameniandikia.

Mumeo anampa alama mwajiri wa mkewe, wala hajui. Mwambie leo. Usimuulize anachokiona mle. Mwambie tu nani anakulipa. Akilisema mwenyewe sasa, watamtoa kwenye kamati na kazi itaendelea. Likijitokeza baadaye, zabuni itaharibika, na kina mama kumi na wanne watakaa nyumbani kungoja kesi iishe. Yeye wataona amekupendelea. Nani ataajiri mhandisi wa namna hiyo?

Nijibu kwa posta ya kwanza.

Mama yako mdogo,
Oleta


Madison
2 Aprili 1997

Mama Mdogo,

Shikamoo. Leo siulizi magoti.

Barua yako niliipata tarehe 18. Nikatoa hati ya mshahara kwenye droo. Corvane. Herufi kubwa za buluu! Miezi minne zinanitazama, nami natazama chini tu, kwenye tarakimu. Nikakaa sakafuni jikoni. Kisha nikakunja barua yako nikaitia kwenye kopo la unga.

Alikuwa anaimba bafuni. Nikasema, kesho. Kesho akaja na miche ya nyanya, ametapakaa udongo mpaka kwenye nyusi, nikasema, Jumamosi. Siku kumi na mbili, Mama Mdogo. Ndoa yangu ilikuwa changa kuliko maziwa yaliyo kwenye jokofu. Sikuweza kuipasua kwa mkono wangu.

Jumapili ya Pasaka, tumetoka kanisani, paja la nguruwe liko mezani, nikaiweka hati kando ya sahani yake. Akaisoma. Akalitazama koti langu lililoning'inia mlangoni. Akaulaza uma taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Tangu lini?"

"Novemba."

"Wewe umejua lini?"

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Heri angepiga. "Vella," akasema, "ilikuwa karatasi moja. Dakika tano. Ningejitoa." Alama za mwisho alikwisha kuzitia sahihi Alhamisi.

Jumatatu asubuhi akaenda kwa mkuu wake, Bwana Ledbetter. Kabla hajaketi, mzee akafungua droo. "Umechelewa, kijana. Hii ilifika Ijumaa." Ni barua isiyo na jina, karatasi yenye maua ya urujuani pembeni, inasema mke wa Weldon Pruett analipwa na Corvane. Weldon alinieleza mwandiko wa barua hiyo: R zenye mkia uliojikunja kama ndoano.

Mimi naandika R hizo. Niliketi mapajani mwa mtu nikiwa na miaka mitano, akanishika mkono, akanifundisha.

Tangu hapo nimeganda. Nachemsha maji nasahau kwa nini. Zabuni imesimamishwa. Wakubwa wanasema alijua tangu mwanzo, na kwamba amekiri kwa kuwa amekamatwa. Wamemnyang'anya kitambulisho. Yuko uani, anapalilia nyanya ambazo hazina magugu.

Niambie si wewe.

Marvella


Tuscumbia
5 Aprili 1997

Marvella, mwanangu,

Ni mimi.

Kila siku nilikwenda kwenye sanduku la barua nikarudi na matangazo ya matairi. Nikadhani umechagua kunyamaza. Nikamfikiria Verbie na mume wake mgonjwa wa kitandani, nikawafikiria wale wengine, wote wanaotegemea kiti. Nikaandika. Nilificha jina langu kwa woga, na hilo linanichoma kuliko kuandika kwenyewe. Laiti ningengoja Pasaka ipite! Na wewe laiti usingengoja!

Nimelia siku nzima, kisha nikakusanya akili. Barua yako ya tarehe 9 Machi ninayo. Umeandika humo, kwa kuropoka kwako kwa furaha, kwamba alikuuliza nani anakulipa, ukamwonyesha koti, naye akasema hao hawamo. Bahasha ina muhuri wa posta wa kabla mtu yeyote hajamshuku. Na hii ya tarehe 2 inasema wazi ni nani aliyejua na nani aliyeficha. Zikifika kwa wakaguzi, yeye atasafika. Wewe hutasafika. Kiti chako kitakwenda.

Sizipeleki mimi. Moja nimeshapeleka bila kukuuliza, na yatosha. Zipo humu ndani zote mbili, nimezifunga kwa ule uzi wa blanketi. Ukiamua, ongeza na zangu. Safari hii jina langu lipo.

Aliyekuwa mama yako mdogo, na angali kama bado unamtaka,
Oleta


Madison
30 Mei 1997

Mama Mdogo,

Shikamoo. Magoti je?

Nilizipeleka mwenyewe, zote nne. Mkaguzi alizisoma mbele yangu kwa sauti, hata pale pa midomo. Nilitamani sakafu inimeze! Alipofika hapo akavua miwani, akanitazama. "Bibi," akasema, "mtu anayetunga uongo haandiki hivi."

Alama za Weldon zilifutwa, kamati nyingine ikaanza upya, na kazi imechukuliwa na kampuni ambayo hatukuwahi hata kuisikia. Wamewachukua kina mama kwenye viti vyao vile vile. Kumi na watatu. Verbie anasema makoti bado. Weldon amerudishiwa kitambulisho, ila kwenye kamati hatakaa tena maisha. Changu mlango ulikikataa Jumatatu. Taa nyekundu ikawaka, nikabaki nimesimama na chakula changu cha mchana mkononi, watu wakinipita.

Weldon naye alizisoma barua. Alikaa nazo uani mchana kutwa, na mimi sikujua kama atarudi ndani kuchukua kofia yake au kuketi. Akaingia jikoni, akaegemea jokofu.

"Midomo yangu, eh?"

Akacheka. Mara ya kwanza tangu Pasaka. Mimi nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Koti sina wa kumrudishia. Tarwick hawalitaki, Corvane hawalijui. Nimelifumua jina, kitambaa chake ni kizima kabisa. Bado nina hasira na wewe, nawe nadhani unayo yako. Njoo nayo. Tarehe 14 Juni kiti cha mbele hakuna mwingine wa kukikalia, na gauni langu la harusi halijakatwa. Lete mkasi wako.

Mwanao,
Marvella