Turbo Uliyomtumia Mayala

S.L.P. 1187,
Mwanza.
Jumapili, 17 Agosti 1997.

Mpendwa Kaka Josephat,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile joto la Dubai ulilolilalamikia limepungua kidogo, mgongo nao umekupa nafasi ya kulala. Sisi hapa ni wazima. Mama kikohozi kimemwachia, Rebeka na watoto hawajambo. Mimi mwili uko salama, ila roho sina hakika nayo, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Kwanza, fulana uliyonitumia imefika. Inanibana mabegani lakini nimeipokea kwa shukrani. Turbo uliyomtumia Mayala nayo ilifika, mpya kabisa, imefungwa nailoni tabaka tatu. Sikufichi, kaka. Niliitazama ile turbo, nikaitazama ile fulana, roho ikaniuma. Mimi ndiye fundi katika ukoo huu. Mayala ananunua samaki kwa ajili ya kiwanda cha minofu, hajui hata gasketi inakaa wapi.

Gari lake unalijua kwa picha, ile Starlet nyeupe aliyoagiza mwaka jana. Ilikuja na turbo yake ndogo ya kusukumia hewa kwenye injini na ilikuwa inakwenda vya kutosha, lakini mdogo wetu huyu akitosheka hatakuwa Mayala. Nikangoja aniletee kazi ya kuitoa ile ndogo na kufunga hii kubwa. Nilisafisha hata meza ya kazi, jambo ambalo Rebeka hajaliona tangu tuoane. Jumatatu nikasikia gari liko Nyakato, kwa Chenge.

Chenge unamkumbuka, yule bwana wa Magu niliyemfundisha kazi hapa Mabatini miaka minne, akaenda Nairobi, akarudi anazungumza mambo ya magari yenye kompyuta. Nilikwenda kutazama, nikasingizia kuazima spana ya plagi. Kazi ilikuwa safi. Alikuwa amebadilisha injekta ili petroli iongezeke pamoja na hewa, amefunga rejeta ya kupoza hewa mbele ya ile ya maji, na bomba la oili amelipitisha mahali ambapo mimi nisingepafikiria. Nilitafuta kosa nusu saa nzima, sikulipata. Nilirudi nyumbani nikakataa chakula, Rebeka akadhani naumwa.

Tangu siku hiyo ikawa Mayala tu mji mzima. Gari likipita na mluzi wake, watu wanaacha kupima nyanya wanatazama. Akikanyaga mafuta tairi za mbele zinasaga barabara hapo hapo, na usukani unamvuta upande, kwa kuwa tairi zinazovuta gari ndizo hizo hizo zinazokata kona. Yeye anacheka. Mama, ambaye nimempeleka kanisani kwa pikapu yangu miaka tisa, akaniambia sasa atapanda la Mayala kwa sababu linamfikisha kabla sala ya njiani haijaisha. Nilimjibu vizuri, lakini moyoni nilichukia.

Sasa ndiyo habari yenyewe. Mwezi uliopita Mayala alikwenda Nansio wiki nzima kutafuta samaki, akaniachia gari nilitunze. Kwenye dashibodi Chenge alikuwa amebandika karatasi: ukishakimbiza gari usizime injini mara moja, iache ingurume dakika mbili ili oili iipoze turbo. Mayala alinisomea mara mbili, nikamwambia nimesikia. Alipoondoka tu niliibandua nikaitupa. Mtu niliyemwonyesha jinsi ya kukaza boliti, aje anifundishe kuzima gari?

Kila jioni nilikwenda nalo Bugando. Napanda kilima nimekanyaga mafuta hadi mwisho, turbo inapuliza, mgongo unagandamana na kiti, na kwa dakika ile moja mimi ndiye Mayala. Nikifika juu nageuza, naweka gia huru, nazima injini, nateremka kimya kimya mpaka chini. Tabia hiyo unaijua, tuliipata pamoja miaka ile petroli ilipokuwa ya kibali na Jumapili mchana magari hayaruhusiwi barabarani. Sijui dereva wa rika letu anayeteremka mlima injini inawaka. Pikapu yangu imeizoea. Lakini ile turbo, kila nilipozima, ilikuwa nyekundu kwa moto, bado inazunguka, na oili imekatika. Nilifanya hivyo siku saba.

Mayala aliporudi hazikupita siku nne, moshi wa bluu ukaanza, kisha ikaja kelele ya chuma kusaga chuma. Akaenda kwa Chenge amefura, nami nikamfuata. Alimfokea mbele ya wateja kwamba ameharibu kitu kilichotoka Dubai. Chenge alichungulia turbo, akajifuta mikono, akauliza jambo moja tu.

"Wiki ile ulipokuwa Nansio, gari alikuwa nalo nani?"

"Kaka Ndalahwa. Huyu alikuwa fundi wewe bado unachunga ng'ombe wa baba yako. Unataka kusema nini?"

Chenge akanitazama. Alikuwa ameshajua. Akasema, "Kama alikuwa nalo mwalimu wangu, basi sina neno. Kosa litakuwa langu."

Nami nilinyamaza, kaka. Nilinyamaza, na kwa ndani nilifurahi.

Wiki hiyo hiyo wateja watatu waliondoa magari yao kwake, wawili wakaja kwangu. Mayala akaniletea Starlet, kwa hiyo kazi niliyoitamani nikaipata. Nilipoifungua turbo nilikuta shafti imegeuka bluu kwa joto na oili imegandia ndani imekuwa makaa, alama ya injini iliyozimwa ikiwa moto. Fundi mwingine angeweza kubisha, mimi ningebisha na nani? Kesho yake nikasikia Chenge anauza vifaa vyake, anarudi Magu kulima.

Mayala atakuwa ameshakuandikia umtumie nyingine, na kwamba safari hii nitaifunga mimi. Nilianza barua hii kwa nia ya kukuomba umweleze ukweli wewe, maana uko mbali na hawezi kukufokea. Mistari hiyo nimeifuta, ndiyo hapo unapoona wino mwingi.

Jumanne, 19 Agosti. Naendelea.

Jana nilimwambia Mayala mwenyewe, nyumbani kwa mama, na mama akisikia. Nilidhani atanirukia. Akaniuliza tu, "Kwa nini, kaka?" Nikamjibu kwamba nilimwonea wivu. Kumwambia mdogo wako neno hilo, kaka, ni kazi, nami nina miaka arobaini na moja.

Leo asubuhi nimekwenda Nyakato. Nilisimama pale pale aliposimama Mayala, watu wakiwepo, nikasema turbo niliiharibu mimi na nikaeleza jinsi nilivyoiharibu. Chenge alikuwa amefunga masanduku mawili. Alinivutia kiti, akaagiza chai. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hata uungwana huo nimemwonea wivu. Baadaye Mayala alifika. Niliwaacha wameinama juu ya injini wanacheka, na hawakuona nilipoondoka.

Chenge masanduku ameyafungua. Kwa hiyo ukipata turbo nyingine, nakuomba uitume, na iandikwe jina la Chenge, aipokee yeye mwenyewe posta. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiweka hapa.

Mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Rebeka anakusalimu, anasema umnunulie kitambaa cha rangi yoyote isipokuwa njano. Mayala hajanituma salamu, kwa kuwa bado hasemi nami, lakini zihesabu kuwa zimo.

Mungu akulinde katika kazi zako na akurudishe kwetu salama. Nami uniombee, kaka, maana kosa nimelikiri, wivu bado ninao.

Mdogo wako asiyekusahau,

Ndalahwa